Milango ya Moyo: Dawa za Kalsiamu, Dawa za Mapigo na Lugha ya Kuzielezea

Ikisiri

Katika mazungumzo ya kila siku, dawa nyingi za moyo na za mishipa ya damu hukusanywa chini ya jina moja: dawa za presha. Makala haya yanaonyesha kwamba jina hilo limeficha dawa zenye tabia mbalimbali, na kwamba kufichika huko kwaweza kumgharimu mgonjwa uhai wake. Kwa kutumia mazingira ya Kombani na kivuko cha Likoni kama kielelezo, makala yanaeleza jinsi moyo unavyopiga, kazi ya kalsiamu katika pigo hilo, tofauti zilizopo baina ya dawa zinazozuia kalsiamu, na nafasi ya dawa nyingine za kurekebisha mapigo. Mwishoni yanajadili msamiati wa Kiswahili wa mapigo ya moyo na manufaa yake kwa mgonjwa na kwa mtaalamu wa tiba.

Utangulizi

Kombani ni njia panda. Barabara kuu itokayo Likoni kuelekea Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga hupita hapo, na tawi lake moja hupanda kwenda mji wa Kwale na Vilima vya Shimba. Mkazi wa Kombani anayetaka kwenda kisiwani Mombasa huifuata barabara hiyo hadi Likoni, kisha hungoja feri. Jiografia hiyo ndogo itafaa baadaye katika kuelezea njia za moyo.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mama mmoja wa makamo anayeishi hapo. Ana shinikizo la damu, na kwa muda mrefu ametumia vidonge vya aina mbili: amlodipini na atenololi. Ameambiwa kuwa amlodipini ni dawa ya kuzuia kalsiamu. Siku moja amlodipini inamwishia kabla ya tarehe ya kurudi kliniki. Mdogo wake aishiye Tiwi anamletea vidonge vyake mwenyewe vya verapamili. "Chukua hivi, dada," anamwambia, "hata vyangu ni vya kalsiamu. Presha ni presha." Mama anashukuru, anavimeza pamoja na atenololi yake ya kawaida. Siku ya tatu anashikwa na kizunguzungu, macho yanaingia kiza, naye anaanguka. Anapofikishwa hospitalini, moyo wake unapiga mara 34 tu kwa dakika.

Katika kisa hiki hakuna mtu mwovu. Mdogo mtu alitenda wema, na maneno yake yalikuwa ya kweli: dawa zote mbili huzuia kalsiamu. Imekuwaje basi dawa za ukoo mmoja, moja ikamfaa mama kwa miaka na nyingine ikakaribia kuusimamisha moyo wake? Jibu la swali hili linahitaji kuanzia kwenye pigo lenyewe.

Jinsi moyo unavyopiga

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga takriban mara 70 kwa dakika, sawa na mara 100,000 hivi kwa siku moja. Hauhitaji amri ya ubongo ili upige. Una chanzo chake wenyewe cha umeme: kikundi kidogo cha seli kilichoko katika chumba cha juu cha kulia. Seli hizo hujichaji na kujifyatua kwa mpango, na kila zinapojifyatua hutuma mkondo wa umeme katika vyumba viwili vya juu. Kikundi hiki kinaweza kuitwa kianzio cha mapigo.

Kutoka vyumba vya juu, mkondo unapaswa kushuka hadi vyumba viwili vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Hata hivyo, baina ya vyumba vya juu na vya chini pana utando usiopitisha umeme. Katika moyo wa kawaida, pana mahali pamoja tu pa kuvukia: kikundi cha pili cha seli kilichoko katikati ya moyo. Hapo mkondo hucheleweshwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha huruhusiwa kuendelea.

Hapa ndipo kielelezo cha Likoni kinapofaa. Vyumba vya juu ni kama bara la kusini, vyumba vya chini ni kama kisiwa cha Mombasa, na kikundi hicho cha seli ni kivuko. Abiria wa Kombani aghalabu hulalamikia kucheleweshwa kivukoni, lakini katika moyo ucheleweshaji huo ni neema. Huvipa vyumba vya juu nafasi ya kumimina damu yote katika vyumba vya chini kabla havijajikunyata. Fauka ya hayo, iwapo vyumba vya juu vitashikwa na ghasia na kutuma mamia ya mikondo kwa dakika, kivuko hakitaipitisha yote. Kisiwa husalimika kwa sababu feri haiwezi kubeba kila mtu kwa wakati mmoja.

Kazi ya kalsiamu

Umeme peke yake haukunji misuli. Kinachougeuza umeme kuwa mkunjo ni kalsiamu, madini yaleyale yanayopatikana katika mifupa, maziwa na mawe ya matumbawe ya pwani. Umuhimu wake katika moyo uligunduliwa London mnamo miaka ya 1882 na 1883, kwa sehemu kutokana na kosa. Daktari Sydney Ringer alikuwa akiichunguza mioyo ya vyura iliyotolewa mwilini na kutiwa katika maji ya chumvi. Ilipiga vizuri. Baadaye alifahamu kwamba maji yaliyotumika kutengenezea mchanganyiko huo hayakuwa yaliyokenekwa, bali yalikuwa ya bomba la mji. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mapigo yalififia na kukoma. Maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu. Ringer alipoiongeza katika mchanganyiko wake, mioyo iliendelea kupiga.

Leo inafahamika kwamba nje ya seli ya moyo iliyopumzika, kalsiamu huru ni nyingi kiasi cha mara 10,000 kuliko ndani. Inangoja nje kama bahari kuu inavyongoja nje ya mwamba wa Diani. Katika ngozi nyembamba ya seli kuna protini zenye tundu linalofunguka na kufunga kwa amri ya umeme. Tundu linapofunguka, kalsiamu kidogo huingia, nayo huzindua kalsiamu nyingine iliyohifadhiwa ndani ya seli, na misuli hujikunja. Kisha kalsiamu huondolewa na misuli hulegea. Hilo ndilo pigo moja.

Jambo la pili ni la msingi zaidi kwa makala haya. Katika misuli ya kawaida ya moyo, umeme huanzishwa na sodiamu inayoingia kwa kasi, kisha kalsiamu hufuata. Lakini katika kianzio na katika kivuko, mshtuko wa umeme wenyewe hutegemea kalsiamu zaidi kuliko sodiamu. Kwa hiyo, dawa inayoyafunga matundu ya kalsiamu ya moyo haipunguzi tu nguvu ya mkunjo. Hupunguza pia kasi ya kianzio na kukizorotesha kivuko.

Mfereji au mlango?

Protini hizi zimewatatiza wafasiri. Jina lake la kimataifa huwaelekeza wengi kwenye neno mfereji, na mtu akifuata kamusi ya kawaida bila kuzingatia kazi ya kitu chenyewe, atapata vizuizi vya mifereji ya kalsiamu. Tatizo ni kwamba mfereji, kwa mazoea ya msemaji wa Kiswahili, huwa wazi muda wote. Maji hupita humo mpaka yakauke au uzibwe kwa taka. Sifa muhimu ya protini hizi, yaani kufunguka na kufunga, haimo katika neno hilo. Kukopa na kusema chaneli kunaepuka kosa hilo, lakini hakumwelezi lolote msikilizaji ambaye chaneli kwake ni kituo cha televisheni.

Neno mlango lina faida mbili. Kwanza, mlango hufunguliwa na kufungwa, na kila mtu ajua kwamba kuna mlango uliofungwa, ulioshindikwa tu, na ule uliotiwa komeo. Pili, kwa watu wa pwani neno hili lina maana ya kibahari pia, kwani mlango wa bahari ni njia nyembamba inayounganisha maji ya upande mmoja na ya upande mwingine. Maana hizo mbili zinakutana katika seli ya moyo. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia milango ya kalsiamu, na dawa zinazohusika zinaitwa vizuizi vya milango ya kalsiamu.

Ukoo mmoja, tabia mbili

Katika miaka ya 1960, mtafiti wa Kijerumani Albrecht Fleckenstein aligundua kwamba verapamili iliufanya moyo uwe kana kwamba umenyimwa kalsiamu, na kwamba kalsiamu ilipoongezwa moyo ulirudisha nguvu zake. Ugunduzi huo ndio uliozaa dhana ya ukoo huu wa dawa. Baadaye zilifuata nifedipini, diltiazemu, amlodipini na nyinginezo. Kwa vile zilifunga milango ya aina moja, ziliwekwa chini ya jina moja. Lakini hazifungi milango ya mahali pamoja.

Kundi la kwanza ni la amlodipini na nifedipini. Dawa hizi hushika zaidi milango ya kalsiamu iliyoko katika misuli ya kuta za ateri. Misuli hiyo inapokosa kalsiamu hulegea, ateri hutanuka, na shinikizo la damu hushuka. Kwa vipimo vya kawaida, kianzio na kivuko cha moyo haviguswi sana. Ndiyo maana amlodipini huweza kutolewa pamoja na atenololi bila hofu kubwa. Athari zake zinazofahamika sana hutokana na huko kutanuka kwa mishipa: kuvimba vifundo vya miguu, kuumwa na kichwa na kuhisi joto usoni.

Kundi la pili ni la verapamili na diltiazemu. Hizi huifikia milango ya moyo wenyewe. Verapamili huingia na kushika vizuri zaidi mlango uliokwisha funguliwa. Kadiri mlango unavyofunguliwa mara nyingi, ndivyo dawa inavyopata nafasi ya kuushika. Kwa hiyo nguvu yake huongezeka moyo unapokwenda mbio, jambo linaloifanya iwe dawa nzuri ya kutuliza mbio za ghafla zinazozunguka katika kivuko. Hiyo ndiyo aliyopewa mdogo wake mama wa Kombani, na kwake yeye ilikuwa dawa sahihi. Hata hivyo, mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika na hausukumi damu ipasavyo aghalabu hukatazwa verapamili na diltiazemu, maadamu hupunguza nguvu ya mkunjo.

Hata ndani ya kundi la kwanza pana la kuzingatia. Zamani, mgonjwa mwenye shinikizo la juu sana aliweza kupewa nifedipini ya kutenda haraka, kapsuli ikatobolewa na dawa kuwekwa chini ya ulimi. Shinikizo lilishuka upesi, na wote waliokuwepo walifurahi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa imedhihirika kwamba kushuka kwa ghafla namna hiyo kuliweza kuunyima ubongo na moyo damu, na kusababisha kiharusi au mshtuko wa moyo. Tangu hapo madaktari wamehimizwa kuiacha desturi hiyo. Haraka haraka haina baraka, hata katika kuteremsha presha.

Dawa nyingine za mapigo

Vizuizi vya kalsiamu ni sehemu tu ya dawa za kurekebisha mapigo. Uainishaji unaotumika sana unatokana na kazi ya Miles Vaughan Williams wa Oxford, aliyeupendekeza mnamo mwaka 1970. Muda mfupi baadaye uliongezwa kundi la nne, la kalsiamu. Msingi wake ni swali rahisi: dawa inafunga mlango gani?

Kundi la kwanza hufunga milango ya sodiamu, yaani ile inayoanzisha umeme katika misuli ya kawaida ya moyo. Babu wa kundi hili ni kwinidini, na historia yake inahusiana na mti unaojulikana Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1912, mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba angeweza kuyarekebisha mwenyewe mapigo yake yaliyokuwa yakienda ovyo. Alimeza gramu moja ya kwinini, na kesho yake akarudi mapigo yake yakiwa sawa. Mnamo mwaka 1918, daktari Walter Frey alionyesha kwamba kwinidini, nduguye kwinini, ilikuwa na nguvu zaidi katika kazi hiyo. Zote mbili hutoka katika magome ya mti wa mkwinini, ambao Wajerumani waliupanda Amani katika milima ya Usambara, na ambao ulistawi pia Kivu, mashariki ya Kongo. Kwa vizazi vingi watu wa Kwale, kama watu wengine wa pwani, waliijua kwinini kwa uchungu wake na kwa mvumo wa masikio ulioifuata. Wachache walifahamu kwamba dawa hiyo ya malaria iligusa pia umeme wa moyo. Katika kundi hilihili imo lidokaini, ambayo wengi huifahamu kama sindano ya ganzi ya daktari wa meno.

Kundi la pili huzuia moyo usiitikie adrenalini. Humu mna propranololi, atenololi na nyinginezo. Adrenalini, pamoja na mambo mengine, huchochea milango ya kalsiamu ifunguke zaidi. Kwa hiyo dawa hizi nazo, japo kwa njia ya mzunguko, hupunguza kalsiamu inayoingia katika kianzio na kivuko. Aidha zaweza kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu.

Kundi la tatu huchelewesha kutoka kwa potasiamu, na hivyo kurefusha muda ambao seli hupumzika kabla ya kuweza kujifyatua tena. Mfano wake maarufu ni amiodaroni. Ni dawa yenye nguvu, lakini ina iodini nyingi, na hukaa mwilini kwa majuma na hata miezi baada ya kuachwa. Anayeitumia hana budi kupimwa mara kwa mara tezi la shingo, ini na mapafu. Kundi la nne ni la verapamili na diltiazemu. Amlodipini na nifedipini hazimo humo, kwa kuwa ni dawa za mishipa, si za mapigo.

Digoksini haikai vizuri katika makundi haya manne. Jamaa zake wa Kiafrika walijulikana barani kabla ya dawa za viwandani kufika. Wawindaji wa bara na pwani ya Kenya, wakiwemo Wawaata na Wagiriama, walipaka mishale yao sumu iliyopikwa kutokana na msunguti. Mti huo una uabaini, kemikali ambayo jina lake limetokana na neno la Kisomali. Kusini zaidi, katika nchi za Zambezi na Shire, palikuwa na sumu ya mishale iliyoitwa kombe. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliifahamu akiwa katika msafara wa Livingstone wa 1858 hadi 1863. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo, naye alipoutumia alihisi uchungu mdomoni na kugundua kwamba mapigo yake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya moyo.

Sumu hizi na digoksini huzuia pampu inayotoa sodiamu katika seli. Matokeo yake ni kuongezeka kwa kalsiamu ndani, kinyume cha kazi ya verapamili. Kwa kipimo kidogo, moyo hujikunja kwa nguvu zaidi na kivuko hupunguza mwendo kupitia mishipa ya fahamu. Kipimo kikizidi kidogo, mapigo huvurugika na moyo huweza kusimama. Tofauti baina ya mshale na kidonge ni kipimo. Tena verapamili huongeza kiwango cha digoksini katika damu, hivyo mgonjwa anayepewa zote mbili huhitaji uangalizi wa karibu.

Kutuliza pigo si kuponya

Mtu angedhani kwamba dawa inayoondoa mapigo mabaya itarefusha maisha daima. Dhana hiyo ilipimwa Marekani katika utafiti mkubwa ambao matokeo yake ya awali yalitolewa mwaka 1989. Watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo, na ambao mioyo yao ilikuwa na mapigo ya ziada, walipewa dawa za kundi la kwanza, zikiwemo flekainidi na enkainidi. Mapigo ya ziada yalipungua kama ilivyotarajiwa. Lakini waliomeza dawa hizo walikufa wengi zaidi kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Tangu wakati huo, wataalamu wametahadhari: dawa ya kurekebisha mapigo yaweza yenyewe kuzusha mapigo mabaya zaidi.

Hali ya kupapa kwa vyumba vya juu ni mfano wa pili. Mikondo zaidi ya 350 kwa dakika huzuka ovyo katika vyumba hivyo, navyo hutetemeka badala ya kujikunja. Afrika Mashariki hali hii huwapata hata vijana, hasa wale ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Mara nyingi daktari hajaribu kuzima ghasia ya juu. Hupunguza tu idadi ya wanaovuka, kwa atenololi, verapamili au digoksini. Ni sawa na kupunguza safari za feri ili kisiwa kisifurike. Lakini damu iliyotuama katika vyumba vinavyotetemeka huweza kuganda na kusababisha kiharusi, kwa hiyo wengi huhitaji pia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa asiyeelezwa haya huiacha dawa ya damu mara tu aonapo moyo umetulia.

Kuna pia watu wachache waliozaliwa na njia ya pili ya umeme baina ya vyumba vya juu na vya chini, hali iliyoelezwa na Wolff, Parkinson na White mwaka 1930. Wasafiri wa Kwale wanaweza kuielewa kwa urahisi tangu barabara ya Dongo Kundu ilipowawezesha wenye magari kutoka Kibundani kufika upande wa pili bila kupitia Likoni. Mtu mwenye njia kama hiyo moyoni akishikwa na kupapa kwa vyumba vya juu, kisha akapewa verapamili, kivuko kitafungwa lakini njia ya pembeni itabaki wazi. Haina ucheleweshaji wa kivuko. Mikondo yote itamiminika huko, na vyumba vya chini vyaweza kuvurugika kabisa. Dawa iliyo sahihi kwa kivuko huwa hatari mahali palipo na njia nyingine.

Kurejea kwa mama wa Kombani

Sasa kisa cha utangulizi kinaeleweka. Amlodipini ilikuwa ikilegeza ateri za mama, na atenololi ilikuwa imekwisha punguza mwendo wa kianzio na kivuko chake. Moyo ulihimili hali hiyo. Verapamili ilipoingia haikuwa badala ya amlodipini. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kianzio na kivuko, mahali palepale ambapo atenololi ilikuwa imeshika. Milango ikafungwa kwa komeo mbili. Mdogo mtu alitaja ukoo wa dawa kwa usahihi, ila hakuambiwa kwamba katika ukoo huo mna tabia mbili.

Kosa hilo liliwezekana kwa sababu maneno waliyopewa dada hawa hayakutenganisha mambo yaliyohitaji kutenganishwa. Sentensi mbili zingetosha: "Hii yako, mama, ni ya kulegeza mishipa. Ile ya mdogo wako ni ya kupunguza mwendo wa moyo, usiichanganye na hii ya pili."

Lugha ya mapigo

Kwa upande wa mgonjwa, Kiswahili hakina upungufu. Moyo hudunda, hupwita, huenda mbio, huruka pigo, hupapa na hupapatika. Kuna pia kiherehere cha moyo. Vitenzi hivi si visawe. Moyo unaodunda huweza kuwa wa kawaida, ila mwenyewe anausikia. Moyo uendao mbio kwa mpangilio, ukaanza ghafla na kukoma ghafla, humwelekeza daktari kwenye mzunguko wa kivukoni, ambao verapamili huufaa. Moyo unaopapa bila mpangilio wowote huashiria ghasia ya vyumba vya juu. Moyo uendao polepole pamoja na kizunguzungu ni onyo kwamba huenda dawa imezidi. Katika kisanduku kimoja cha presha, tofauti zote hizi hupotea.

Kazi nzuri ya mhudumu wa afya ni kumwomba mgonjwa aigize mdundo wake kwa vidole juu ya meza. Katika nchi ya Wadigo, yenye wapigaji wa ngoma ya sengenya, pana masikio yanayojua vyema kutofautisha mdundo uliochanganya na mdundo uliopotea.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina mitego. Mwenye moyo mkubwa, kwa Kiswahili, ni mkarimu au jasiri. Mgonjwa anayeambiwa kwamba picha imeonyesha moyo wake umekuwa mkubwa aweza kutabasamu. Afadhali aambiwe kwamba moyo umetanuka kwa kuchoka. Vivyo hivyo moyo mzito na moyo mgumu vina maana zake katika tabia za watu, na mtaalamu wa tiba asizitumie kueleza kiungo bila kujua zitasikikaje.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba dawa za moyo hutofautiana kwa mlango zinaoufunga na kwa mahali mlango huo ulipo. Amlodipini hulegeza mishipa. Verapamili huzuia kianzio na kivuko. Nyingine hushughulikia sodiamu, potasiamu au adrenalini, na kila moja yaweza kuokoa au kudhuru kulingana na kipimo, na dawa inayoandamana nayo, na moyo wenyewe ulivyo. Mgonjwa hahitaji kuyajua majina ya protini. Anahitaji kujua dawa yake inafanya kazi wapi, isichanganywe na nini, na dalili gani zimrudishe hospitalini upesi. Dawa ya mtu mwingine haimfai, hata ikiwa ya ukoo mmoja na yake, na dawa yake mwenyewe haiachwi bila ya ushauri wa daktari.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamezoea kuujadili moyo katika ushairi na methali. Panahitajika pia kuujadili kama kiungo, na kukusanya maneno ambayo watu wa Kombani, Tiwi na Msambweni huyatumia wanapomweleza daktari yanayowasibu kifuani. Istilahi zitakazotokana na kazi hiyo zitapimwa kwenye benchi la kliniki: mama akitoka na vidonge vyake, je, ataweza kumweleza mdogo wake kwa nini asimpe vyake?